Maswali ya Wasomaji: Maktaba Moja kwa Programu Tatu

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaotengeneza au wanaotumia programu huria watuletee maswali yao. Barua nyingi, bila waandishi wake kupatana, zimegusa jambo moja: programu zilizo ndugu zinapotumia msimbo uleule (maagizo ya programu yaliyoandikwa), msimbo huo ukae wapi, na nani autunze? Msimbo wa namna hiyo, uliotengwa ili programu nyingi ziutumie, ndio tunaouita hapa maktaba. Tunaanza na barua iliyo ndefu kuliko zote, kwa sababu nyingine zinaeleweka vizuri zaidi baada ya hiyo.

Swali. Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Tumeandika programu tatu kwa lugha ya Python na kuzitoa kwa leseni huria: ya kwanza ni ya malipo ya shule, ya pili ni ya duka la dawa, na ya tatu ni daftari la likelemba, yaani mchango wa fedha kwa zamu. Zote zinapokea franka na dola, zote zinatoa risiti, na zote zina folda iitwayo "pamoja" ambayo tuliinakili kutoka katika ile ya kwanza. Mwenye duka la dawa alilalamika kwamba deni la franka 1,025 linaandikwa 1,000, ilhali deni la 1,075 linaandikwa 1,100. Tukarekebisha. Muda si mrefu mama mmoja wa likelemba akaja na lalamiko lilelile. Mwenzetu mmoja anataka folda hiyo itolewe iwe maktaba ya kujitegemea. Mwingine anasema tutajitwika kazi isiyo na faida. Ni yupi ameona sawasawa?
*Vijana wa Kamalondo*

Jibu. Ndugu zetu, wote wawili wana hoja, ila anayetaka maktaba ana hoja nzito zaidi, mradi akubali kutoa sehemu ndogo kuliko anayoifikiria.

Kwanza tuitazame kasoro yenyewe. Mnataka kila deni likadiriwe hadi noti ya franka 50 iliyo karibu. Ukigawa 1,025 kwa 50 unapata 20.5, na ukigawa 1,075 unapata 21.5. Amri ya round ya Python, inapokutana na nusu kamili, haipandishi siku zote, bali huchagua namba shufwa iliyo karibu. Kwa hiyo 20.5 inakuwa 20, yaani franka 1,000, na 21.5 inakuwa 22, yaani franka 1,100. Python haijakosea hapo. Kanuni hiyo iliwekwa makusudi ili makadirio mengi yanapojumlishwa yasielemee upande mmoja. Lakini mteja aliyesimama mbele ya kaunta hana habari na makadirio mengi, anatazama risiti yake na ya jirani yake. Dawa ni kutumia moduli ya decimal, inayokuja pamoja na Python, na kutaja waziwazi kwamba nusu ipandishwe. Bila shaka ndivyo mlivyofanya kwa duka la dawa.

Tatizo ni kwamba mistari hiyo michache ilikuwa mahali patatu, nanyi mkaigusa mahali pamoja. Yaliyowapata yamewapata wakubwa kabla yenu. Machi 2002 ilitangazwa kasoro ya usalama katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, na toleo la 1.1.4 likatolewa ili kuiondoa. Katika mifumo ya Linux, programu zilizotegemea zlib ya pamoja zilipona mara kifurushi hicho kimoja kilipobadilishwa na programu zenyewe kuwashwa upya. Zile zilizokuwa zimenakili msimbo wa zlib ndani yake, na zilikuwa nyingi, kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, ikiwa mojawapo, ilibidi zitafutwe moja baada ya nyingine, zirekebishwe na kujengwa tena. Miaka ishirini na moja baadaye watu walikuwa bado hawajaacha: Septemba 2023 lilitangazwa tundu katika libwebp, maktaba inayosoma picha za aina ya WebP, na kwa kuwa kila programu iliyojengwa juu ya Electron, msingi wa kujengea programu za kompyuta kwa zana za tovuti, hubeba nakala yake, mtu mwenye programu tano za namna hiyo alilazimika kusubiri masasisho matano. Ndiyo maana kanuni za Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, zinawataka watunza vifurushi wasitumie nakala iliyopachikwa ndani ya programu ikiwa maktaba yenyewe imo tayari katika Debian.

Hata hivyo msiichukue folda nzima. Zilinganisheni folda zenu tatu kwa amri ya diff, inayoonyesha tofauti za mafaili. Yako mafaili mtakayoyakuta hayajabadilika tangu siku ya kunakiliwa, kwa mfano lile linaloandika tarehe au linalogeuza kiasi cha fedha kuwa maneno. Hayo yako tayari kuhama. Yako mengine yaliyotofautiana kwa sababu tu mtu alisahau, kama hilo la makadirio. Kisha yako yale yaliyotofautiana kwa haki, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie.

Chukueni bidhaa tatu za dola 1.25 kila moja, na tuseme siku hiyo dola ni franka 2,850. Duka la dawa hukadiria kila mstari wa risiti, kwa kuwa mteja anaweza kuiacha dawa moja kaunta na kuondoka na mbili. Kila dawa ni franka 3,562.5, inayokadiriwa kuwa 3,550, na jumla inakuwa 10,650. Shule hukadiria jumla peke yake: dola 3.75 ni franka 10,687.5, inayokadiriwa kuwa 10,700. Hizo franka 50 hazikupotea kwa kosa la mtu yeyote. Zimetokana na desturi mbili za biashara, na kila moja ina wenyewe wanaoielewa. Maktaba inapaswa kujua namna ya kugeuza dola kuwa franka na namna ya kukadiria hadi noti mliyoitaja, basi. Uamuzi wa kukadiria wapi ubaki ndani ya programu. Mkiuingiza uamuzi huo katika maktaba, itaanza kujaa masharti ya "ikiwa ni shule" na "ikiwa ni duka", na mtakuwa mmezihamishia programu zote tatu ndani yake pasipo kupunguza chochote.

Maktaba nyingi nzuri zilizaliwa kwa njia hii ya kutolewa ndani ya programu iliyokwisha kufanya kazi. GTK, inayochora madirisha na vitufe vya mazingira ya GNOME, iliandikwa kwanza kwa ajili ya GIMP, programu ya kuhariri picha ya Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati huo wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. GIMP ilikuwa ikitegemea Motif, maktaba nyingine ya madirisha, ambayo haikuwa huria, nao wakaona afadhali waandike vifaa vyao. Mradi wa GNOME ulipoanza mwaka 1997 uliikuta GTK imeshapimwa na kazi halisi. Baadaye tena, sehemu zake zisizohusiana na madirisha, kama vile orodha, maandishi na usimamizi wa kumbukumbu, zilitengwa zikawa GLib, ambayo leo hutumiwa hata na programu zisizo na dirisha lolote.

Kwa upande wa utendaji, ipeni maktaba hazina yake ya Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), majaribio yake, na namba zake za toleo zisizofuata namba za programu. Desturi iliyozoeleka ni namba tatu: ya mwisho hupanda mnaporekebisha kasoro, ya katikati mnapoongeza kitu bila kuvunja cha zamani, na ya kwanza mnapovunja. Kila programu iandike katika pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi wa Python, inakubali matoleo gani. Hamlazimiki kuichapisha leo katika PyPI, ghala la umma la vifurushi vya Python, kwa maana pip, kisakinishi cha Python, inaweza kusakinisha moja kwa moja kutoka Git ikitajiwa lebo ya toleo. Wapo watakaowashauri mtumie moduli ndogo za Git, yaani hazina moja kuwekwa ndani ya nyingine. Zinafanya kazi, lakini mtu anayenakili hazina bila kutaja --recurse-submodules hupata folda tupu, na katika kikundi chenye wageni wanaojifunza mtajibu swali hilo kila juma.

Huyo mwenzenu anayeogopa kazi ya ziada hajakosea kuhusu gharama. Rekebisho lililokuwa hatua moja sasa litakuwa hatua kadhaa: kubadilisha maktaba, kutoa toleo, na kuendesha majaribio ya programu zote tatu kabla ya kupandisha namba. Kwa hiyo msimbo unaobadilika kila wiki uacheni ulivyo, hata kama umenakiliwa, mpaka utulie. Nakala mbili zinazojulikana si dhambi. Jambo nisiloweza kulilegeza ni mtunzaji. Maktaba ya pamoja isiyo na mtu mmoja anayeiwajibikia ni kama likelemba isiyo na mshika fedha: kila mmoja anaamini mwingine ameandika. Mchagueni mmoja wenu, jina lake liwe katika faili la maelezo, na mabadiliko yasiingie kabla hajayasoma.

Swali. Jambo, Papa mwandishi. Nimepandisha kompyuta yangu kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, na sasa programu moja ninayoitumia kwa masomo haifunguki. Inalalamika kwamba faili libssl.so.1.1 halionekani. Rafiki yangu ameniambia nitengeneze kiungo chenye jina hilo kinachoelekeza kwenye libssl.so.3, eti ni kitu kilekile kipya. Nimsikilize?
*Mwanafunzi, Kasapa*

Jibu. Hapana, mwanangu, usimsikilize. Programu ilipojengwa, iliandika ndani yake jina kamili la maktaba inayoihitaji, pamoja na ile namba iliyo mwishoni. Kila unapoifungua, kipakiaji cha mfumo, kinachoitwa ld.so, hutafuta faili lenye jina hilohilo. Namba ya mwishoni haipandi kila toleo jipya linapotoka. Waandishi wa maktaba huipandisha pale tu wanapokiri kwamba programu za zamani haziwezi tena kuitumia bila kujengwa upya. Libssl ni sehemu ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano; Ubuntu 22.04 ilihama kutoka OpenSSL 1.1.1 kwenda OpenSSL 3.0, na ndiyo sababu jina likabadilika kutoka libssl.so.1.1 kuwa libssl.so.3. Ukitaka kuona kwa macho yako, endesha readelf -d juu ya faili la programu, na utazame mistari yenye neno NEEDED.

Kiungo cha rafiki yako kitamdanganya kipakiaji kwa hatua moja tu. Kitalikuta faili, kisha kitaanza kutafuta ndani yake amri zenye alama ya OPENSSL_1_1_0, kitazikosa, na programu itakataa tena kufunguka kwa ujumbe mwingine. Katika maktaba zisizoweka alama za namna hiyo mambo huwa mabaya zaidi, kwa maana programu hufunguka vizuri, kisha huanguka katikati ya kazi au huharibu data kimyakimya.

Tafuta kwanza toleo jipya la programu hiyo. Kama msimbo wake uko wazi, ujenge upya juu ya OpenSSL 3, kwani sehemu kubwa ya amri za 1.1 bado zimo. Kama hayo yote yameshindikana, iendeshe ndani ya kontena la Ubuntu 20.04, yaani mfumo mdogo uliofungiwa peke yake ndani ya kompyuta yako. Wapo wanaopakua kifurushi cha zamani cha libssl1.1 na kukisakinisha kwa mkono, na ni kweli programu hufunguka, lakini mradi wa OpenSSL uliacha kutoa masasisho ya bure ya 1.1.1 tangu Septemba 2023, na sitamshauri mtu atembee mtandaoni na maktaba ya usalama isiyorekebishwa.

Usifikiri pia kwamba kuvunja ahadi ni lazima. Maktaba kuu ya C ya GNU, glibc, imeitwa libc.so.6 tangu mwaka 1997. Waandishi wake wanapobadilisha tabia ya amri, huiacha ya zamani ndani chini ya alama yake na kuongeza mpya kando yake, hivyo programu za miaka mingi huendelea kuikuta ile iliyoizoea. Ni kazi nzito, na si kila kikundi kinaiweza.

Swali. Ndugu Mhariri, ninachora ramani za visima na viwanja. Katika kompyuta yangu ya Windows nilikuwa na QGIS, programu ya ramani, inayofanya kazi vizuri. Baada ya kusakinisha hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na PostGIS, kiongezi chake cha ramani, QGIS haitambui tena mfumo wa vipimo wa UTM tunaoutumia, na inatoa ujumbe mrefu unaotaja proj.db. Nimeisakinisha upya bila mafanikio. Ni virusi?
*Mchora ramani, Kampemba*

Jibu. Si virusi. Programu zako mbili ni ndugu wanaotumia maktaba moja, na kila mmoja amekuja na nakala yake.

QGIS na PostGIS hazijui zenyewe kugeuza latitudo na longitudo kuwa mita. Zote hutegemea PROJ, maktaba ya kugeuza vipimo vya ramani. Tangu toleo la 6, lililotoka mwaka 2019, PROJ huweka maelezo ya mifumo yote ya vipimo katika hifadhidata moja ya SQLite iitwayo proj.db. Humo ndimo ulimo mfumo wako, ambao kwa Lubumbashi, kama ilivyo kwa Bukavu na Goma, ni UTM kanda ya 35 kusini, namba 32735 katika EPSG, orodha ya mifumo ya vipimo. Mpangilio wa ndani wa hifadhidata hiyo una namba yake, nayo PROJ hukataa kusoma faili lenye mpangilio wa zamani kuliko inaouhitaji. Usome tena ule ujumbe mrefu: ikiwa unasema kwamba namba ya mpangilio, DATABASE.LAYOUT.VERSION.MINOR, ni ndogo kuliko inayotarajiwa, na kwamba faili limetoka katika usakinishaji mwingine wa PROJ, basi umeshapata jibu. Ni ujumbe ulioandikwa kwa uungwana, ila watu huogopa urefu wake.

Inaelekea kisakinishi cha PostGIS kiliweka kigezo cha mazingira, yaani mpangilio ambao programu huusoma zinapofunguka, kiitwacho PROJ_LIB kwa kompyuta nzima, kikielekeza kwenye folda yake. QGIS inapofunguka hukikuta, hukitii, na husoma proj.db isiyo yake. Fungua mipangilio ya vigezo vya mazingira ya Windows, utafute PROJ_LIB, na pia PROJ_DATA, ambalo ndilo jina jipya tangu PROJ 9.1. Nakili thamani yake mahali fulani kwa tahadhari, kisha ukifute kutoka upande wa mfumo. Funga kila kitu na ufungue QGIS. Kama PostGIS italalamika baadaye, kirudishie kigezo hicho huduma ya PostgreSQL peke yake, badala ya kompyuta nzima.

Kusakinisha upya QGIS hakukusaidia kwa sababu kigezo hakikuwa chake. Katika Debian au Ubuntu usingekutana na jambo hili kwa urahisi, maana huko vifurushi vya mfumo vya QGIS, PostGIS na GDAL, maktaba ya kusoma mafaili ya ramani, hujengwa juu ya PROJ moja. Ubaya wa huko ni kwamba ukitaka PROJ mpya kwa ajili ya QGIS peke yake, unapaswa kuwasubiri wote.

Swali. Mhariri mpendwa, ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Mnasifu maktaba za pamoja, lakini mimi naona zinakusanya hatari mahali pamoja. Ikiharibiwa moja, si zote zimeharibika?
*Mama mwalimu, Ruashi*

Jibu. Mama, ni kweli, na mfano mkubwa wa hofu yako ulitokea Machi 2024. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, kifurushi kinachobeba maktaba ya kubana data iitwayo liblzma, mtu aliyekuwa amejijengea imani ya mradi kwa muda mrefu alificha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia. Aliugundua Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, baada ya kuona kwamba kuingia kwa SSH, njia ya kuingia katika kompyuta ya mbali, kulichelewa kiasi cha nusu sekunde na kulitumia nguvu nyingi za prosesa, akautangaza tarehe 29 Machi. Matoleo hayo yalikuwa yameingia hasa katika matawi ya majaribio, na ndiyo iliyotuokoa.

Ila tazama mlango ule ulipitia wapi. OpenSSH, programu inayoendesha SSH, haitumii liblzma. Baadhi ya mifumo ya Linux iliiongezea sshd, seva ya OpenSSH, kipande kidogo ili iujulishe systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, kwamba imewaka, na kwa ajili ya ujumbe huo mfupi wakaiunganisha na libsystemd nzima, ambayo nayo ilivuta liblzma. Yaani, ili kuandika mstari mmoja kwenye soketi, seva ya usalama ilibeba maktaba ya kubana mafaili. OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai mwaka huohuo, ilikuja na ujumbe huo umeandikwa ndani yake pasipo kuihitaji libsystemd. Hapo kunakili mistari michache kulikuwa busara kuliko kushirikiana, na sioni kwamba kunapingana na niliyowaambia vijana wa Kamalondo.

Wanafunzi wako waambie pia habari ya left-pad: Machi 2016 mwandishi aliondoa kutoka npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kifurushi chenye mistari 11, kazi yake ikiwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi, na ujenzi wa programu nyingi duniani ukakwama siku ileile. Mistari 11 ya namna hiyo mwanafunzi wa darasa lako anaweza kuiandika mwenyewe. Kubana data, kusimba siri na kugeuza vipimo vya ramani hawezi, wala mimi siwezi. Kwa kazi hizo hatari iliyokusanyika mahali pamoja, penye macho mengi na rekebisho moja kwa wote, ninaiona nafuu kuliko hatari iliyotawanyika katika nakala mia ambazo hakuna anayezikumbuka.

Swali. Ndugu Mhariri, programu zetu ziko chini ya GPL, leseni inayotaka msimbo ubaki huria. Tukitoa sehemu yake iwe maktaba, je, tunaweza kuipa LGPL, leseni iliyolegea zaidi, ili hata programu zisizo huria ziitumie?
*Msomaji, Katuba*

Jibu. Mnaweza, kama wote walioandika sehemu hiyo wamekubali. Aliyewatumia rekebisho la mistari ishirini mwaka juzi bado ana haki juu ya mistari hiyo, na alikupeni kwa masharti ya GPL. Mradi wa VLC, kicheza video, ulipohamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL, kati ya 2011 na 2012, ulilazimika kuwatafuta waandishi wake na kuomba ridhaa yao. Endesheni git log juu ya mafaili mnayotaka kuyahamisha, mwandike majina, mwombe jibu la maandishi, na msimbo wa asiyepatikana muuandike upya au muuache ulipo. Chini ya LGPL, programu isiyo huria itaweza kuunganishwa na maktaba yenu, lakini mabadiliko ya maktaba yenyewe yatabaki wazi, na mtumiaji lazima aweze kuweka toleo lake la maktaba badala ya lile alilopewa. Kama hata hilo hamlijali, leseni ya MIT ni fupi na inatosha.

Swali. Papa mwandishi, nilitaka kusakinisha kikokotoo kidogo kupitia Flatpak, njia mojawapo ya kusakinisha programu za Linux, kikataka kupakua mamia ya mega. Mega zangu ni za kununua. Huku ndiko kushirikiana?
*Kijana, mtaa wa Kenya*

Jibu. Ndiko, ingawa mara ya kwanza hakufanani. Kikokotoo chenyewe ni kidogo. Kilichojaza mega ni msingi wa maktaba ambao programu nyingine za Flatpak zitakuja kuutumia pia, mradi zinataka toleo lilelile la msingi huo. Shida huanza unapokuwa na programu moja inayotaka msingi wa GNOME wa mwaka huu, nyingine wa mwaka jana, na ya tatu wa KDE, mazingira mengine ya kompyuta, kwa maana hapo utabeba misingi mitatu. Kabla ya kupakua, endesha flatpak list --runtime uone uliyo nayo, na uchague programu zinazolingana nayo. Kwa kikokotoo peke yake, apt, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, itakugharimu kidogo zaidi, kwa sababu maktaba nyingi zimo tayari katika mfumo wako.

Na kama rafiki yako ameshapakua, msilipe mara mbili. Amri ya flatpak create-usb hunakili programu pamoja na msingi wake kwenye kijiti cha USB, nawe ukaisakinisha kutoka humo. Kwa upande wa apt, kikundi kinachokaa nyumba moja kinaweza kuweka programu ya apt-cacher-ng katika kompyuta mojawapo, ikahifadhi kila kifurushi kilichopita ili wa pili akichukue bila kutoka nje. Hakikisheni tu kwamba kompyuta hiyo ina betri nzuri, kwa ajili ya saa zile ambazo umeme haupo.